Nyumba ya Chiriku Iliyoupa Upepo Mgongo

Baba,

Shikamoo. Nitajiitikia mwenyewe kwa sauti yako: marahaba, bosi. Hivyo ndivyo ulivyoniita tangu siku ya kwanza uliyonifundisha kuchomelea, na mpaka leo hakuna mwingine anayeniita hivyo.

Chiriku wako ni wazima. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kumuulizia Mama, na Mama analijua hilo na hajakusamehe.

Lakini nusura tuwakose wote. Tulikuzika uwele ukiwa bado shambani. Wageni wa msiba hawajamaliza kuondoka, asubuhi naenda kuwapa ndege maji, nakuta nyoka ndani ya kizimba. Mwembamba, kaingilia kwenye tundu la wavu, kammeza yule jike wa kijivu, kisha tumbo likamkatalia kutoka. Mama aliona. Alilia kuliko alivyolia makaburini, Baba. Akasema, "Mwanangu, msiba mmoja unanitosha. Akifa mwingine humu, nafungua mlango waende zao." Shangazi akamuunga mkono, ati ndege wa marehemu huachiwa. Waachiwe waende wapi? Wamezaliwa kizimbani, hata kipanga hawamjui. Hapa Nkuhungu wasingeiona jioni.

Na hapa nakusema, ukitaka kununa nuna. Wewe, fundi mageti wa Kizota, uliyewafungia watu nondo madirishani mji mzima, ndege wako uliwawekea wavu wa kuku! Wavu wa kuku unazuia kuku, Baba. Kweli kinyozi hajinyoi. Halafu ukawajengea mnara, mrefu, mwembamba. Chiriku si helikopta. Anaruka kwenda mbele, anataka nafasi ya kutoka pembe hii mpaka ile.

Basi nikashika kazi. Nilichomelea fremu ndefu kama benchi la kanisani, nikaifunga wavu wa matundu madogo ambayo hata kidole changu cha mwisho hakipiti. Nilijaribu kila upande. Wavu nikausugua kwa siki na kuusuuza vizuri kwanza, maana ukiwa mpya una unga unaowadhuru wakiudonoa. Miguu nikaisimamisha kwenye makopo ya oili chafu, sisimizi wabaki huko huko chini. Na milango ni miwili, Baba, yenye chumba kidogo katikati. Unaingia, unafunga wa nje, ndipo unafungua wa ndani. Ndege akikuponyoka anaishia hapo katikati.

Nikajisifu, unanijua. Nikaielekeza nyumba uso mashariki ili wapate jua la asubuhi, nikaita na majirani waje waone. Kumbe upepo wetu wa kipupwe ulikuwa unanisubiri, na vumbi lake. Ukapiga usiku kucha. Kulipokucha wote wamejikunyata pembeni, manyoya wameyatutumua. Mwinjilisti, yule dume uliyempa jina hilo kwa sababu hangoji kuombwa aimbe, kimya kabisa. Mama akaja akasimama mlangoni, mkono kwenye komeo. Nikajua anataka kuwafungulia, Baba.

Ndipo nikamkumbuka Bibi, mama yako, na tembe lake kule kijijini. Mimi Mgogo mzima nawaza jua la asubuhi! Tembe la Bibi liliupa upepo mgongo, ukuta mtupu bila tundu hata la panya, mlango uko magharibi, na juu paa la udongo mzito. Ndani hujui kama nje kuna joto au baridi. Nikamwambia Mama, "Tuigeuze. Nishikie upande huu." Nilidhani atakataa. Akaliachia komeo, akajifunga kanga kiunoni, akashika. Mgongo nikauziba kwa mbao, juu nikapanga fito na kukandika udongo. Udongo aliukanda Mama. Wangu alisema ni uji.

Kesho yake tulikuwa tunakunywa chai uani, kila mtu anasikiliza. Mwinjilisti akaanza. Kwanza kidogo, kama anayesafisha koo, kisha akaimba hasa. Mama akacheka mpaka chai ikamwagika. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu uondoke.

Sasa amewatundikia vibuyu vidogo vya kulalia, na kimoja kina makinda. Wabaya hao, wana vichwa vikubwa na hawana manyoya, ungewapenda. Ufunguo wa kufuli anaufunga kwenye pindo la kanga, mimi mwenyewe mjenzi nauomba. Juzi Shangazi kaja, kauliza ndege wa marehemu wanaachiwa lini. Mama hata hakuinua macho kwenye ungo wa uwele. "Waende wapi, wifi? Hapa ndipo kwao." Nikajifanya nina kazi ya haraka karakana, nikaenda kulilia huko.

Baba, kwaheri. Nakukumbuka sana, zaidi jioni, pale ulipokuwa unaniuliza kutoka chumbani, hata uliposhindwa kuinuka kitandani: "Bosi, umefunga?" Nakuahidi, maadamu nina mikono hii, jibu litakuwa ni lile lile.

Wa nje na wa ndani. Nimefunga, Baba. Lala.