Mito ya Shangazi Subilaga

Mama,

Shikamoo. Mimi ni mzima, lile jino la nyuma limeacha kuuma, na nimemlipizia kisasi Shangazi Subilaga. Nimeanza na hayo kwa sababu nakujua. Usingesikiliza habari nyingine yoyote kabla ya kujua kama nimekula na kama kuna mtu nimegombana naye. Nimekula. Nimegombana.

Nakuandikia nikiwa maktaba ya shule. Ni Jumapili, wenzangu wako uwanjani, na mimi kama kawaida yangu nimebaki na vitabu. Katika vitabu nilivyosoma, mtu akilipa kisasi lazima mwishoni ajute. Anakaa dirishani, anaangalia mvua, anajuta. Tangu nirudi kutoka Mbeya nimekuwa nikisubiri majuto yangu. Mvua imenyesha, dirisha lipo. Hayajaja.

Nikueleze tangu mwanzo, maana ulipoondoka sanduku lako la nguo lilikuwa bado chini ya kitanda chetu pale Mlandege, Iringa.

Baada ya kukuzika, ndugu wa pande zote mbili walikaa sebuleni kugawa nguo zako. Unaijua desturi kuliko mimi. Kila mwanamke anachukua moja, anaivaa, watu wanamwona nayo sokoni na kanisani, wanasema hii ilikuwa ya mama Lusajo, na wewe unazidi kutembea mjini kidogo. Nilifikiri itakuwa hivyo. Lakini ukoo wako walikuja wachache, na Shangazi, kwa kuwa ni wifi yako, akapewa kuchagua kwanza. Akachagua karibu sanduku zima, na cherehani juu yake. Mtu mmoja akauliza, na mtoto je? Shangazi akasema, "Lusajo ni mwanamume. Atavaa magauni?" Watu wakacheka kile kicheko cha msibani, kifupi, cha puani.

Mimi sikutaka magauni. Nilitaka mbeleko. Ile ya kahawia yenye ndege wa njano, uliyonibebea mgongoni, yenye pembe niliyoitafuna meno yalipokuwa yanaota. Ulikuwa unanionyesha ile pembe na kusema, "Ulitaka kunila mimi, ukanikosa, ukala kitambaa." Shangazi aliishika juu, wote wakaiona, akatangaza kwamba hii anamtunzia mke wa Lusajo. Siku nikileta mjukuu, yeye ndiye atakayeitoa. Wazee wakasema amenena vyema. Baba akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimeshatunga sentensi yangu, nzuri kabisa, yenye heshima, inayoanza na "Naomba". Ilibaki mdomoni. Unanijua. Hata ukinituma chumvi kwa jirani nilikuwa naikariri njiani.

Baba alirudi kazini Mgololo, kwenye kiwanda chake cha karatasi, na nyumba tukairudisha kwa mwenyewe. Mimi nikabaki bweni. Likizo ilipofika nikaambiwa niende kwa Shangazi, Iyunga, kule Mbeya.

Mama, hungeitambua ile loji yake. Zamani kuta zilikuwa nyeupe na picha ya maporomoko ya maji iliyotoka kwenye kalenda. Sasa kila kitu kimekuwa cha Kiafrika. Vikapu vya kwetu Iringa vimepigiliwa ukutani kwa misumari, vibuyu vinaning'inia juu ya mapokezi, ngoma ya watu imegeuzwa meza ya kuwekea vitabu vya wageni, na spika moja inapiga marimba tangu asubuhi, wimbo uleule, mpaka unatamani mpigaji aumwe mkono. Dada Bupe, binti yake, alinipokea begi akacheka nilivyokuwa nashangaa. Akasema, "Mdogo wangu, zinduka. Asili ndiyo mpango mzima siku hizi. Mgeni akikuta masofa ya Dubai anaona yuko kwao tu."

Ningeweza kuvumilia vibuyu. Kisha nikaangalia makochi.

Gauni lako la bluu, ulilovaa nilipomaliza darasa la saba, lilikuwa mto. Kile kitenge cha majani mekundu kilikuwa mito miwili, na dereva mmoja wa lori alikuwa ameegemeza kisigino juu ya mmoja wao akiangalia mpira. Sare yenu ya kwaya, Mama, ile mliyovaa mkiimba Pasaka, ilikuwa imekatwa vitambaa vya meza. Juu ya sauti ya pili ya usharika wetu ilisimama chupa ya bia, inatoa jasho.

Shangazi akatoka jikoni, akanikumbatia, akanizungusha sebuleni kama mtu anayeonyesha bustani. Akasema, "Umemwona wifi yangu anavyopendeza humu ndani?"

Nilimwamkia tu. Baadaye nilijikaza nikamuuliza kuhusu mbeleko. Akanielekeza kwa kidevu kwenye kile kiti kikubwa cha kuchonga pale mapokezi, chenye simba kwenye mikono yake. Mto wake ulikuwa wa kahawia, wenye ndege wa njano. Mbeleko ilikuwa imekunjwa na kushonwa nzima nzima, na pembe niliyoitafuna ilikuwa inachungulia kwenye mshono. Akasema rangi zile hazipatikani tena dukani, ingekuwa dhambi kuzificha sandukuni zikaliwa na mende. Na mke wangu? Mke wangu atanunuliwa kitenge kipya, cha kisasa, bado chenye gundi yake.

Nilikwenda nyuma ya jiko nikasimama mbele ya gunia la sufi ya kujazia mito. Sikulia. Nilisoma maandishi yote ya lile gunia, pamoja na jina la kiwanda cha mbolea, kisha nikayasoma tena.

Sasa sikiliza kosa lake. Wiki iliyofuata alikuwa na sherehe ya kuizindua loji kwa sura mpya, na mito ilikuwa bado haijatosha. Fundi wake alikuwa amesafiri. Akanitolea cherehani yako, akaiweka barazani, akaniambia nimalizie, maana mwana wa fundi ni fundi. Wala hakuifungua droo. Mimi nikaifungua. Kila kitu kilikuwa humo kama ulivyokiacha: chaki, wembe, sindano kwenye kipande cha sponji, na upande wa kushoto zile rili mbovu za uzi ulizokuwa hutaki zichanganyike na nyingine. Uzi wa bandi. Uzi uliopigwa jua dirishani mwa duka mpaka ukafa, wa kushikiza nguo tu wakati mteja anajaribu, ambao ukimaliza unauvuta kwa vidole viwili nao unakatika bila ugomvi.

Nilishona mito yote iliyobaki kwa uzi ule. Nilirefusha hatua za cherehani mpaka mwisho, nikalegeza uzi, nikashona vizuri, nimenyoosha, kwa macho huwezi kujua. Kisha nikamwambia Shangazi kwamba mishono ya yule fundi mwingine imelegea, nataka kuiimarisha. Nikaifumua kwa wembe mto mmoja baada ya mwingine, na kuishona upya kwa bandi. Mchana kweupe, Mama, barazani, watu wanapita wananisalimu. Bupe alinitania kwamba nitapata mchumba kwa yale mapindo. Shangazi akasimama nyuma yangu na kikombe cha chai na kusema, "Mungu akubariki, baba. Mkono wa mama yako huu hapa." Sikuona haya. Niliona furaha, ikanishangaza ilivyo baridi.

Mto wa mbeleko niliuacha wa mwisho. Niliushindilia sufi mpaka ukawa kama mbuzi mwenye mimba.

Siku ya uzinduzi walikuja watu wengi. Akina mama wa kikundi cha Shangazi walivaa sare ya kitenge na vilemba virefu, vijana wa ngoma za Kinyakyusa walijipanga mlangoni, na mgeni rasmi alikuwa mzee mmoja mnene, mwenye mabasi yake, ndani ya suti nyeusi iliyopigwa pasi ikasimama. Alizungushwa kwenye vibuyu, akaonyeshwa vikapu. Shangazi akatoa hotuba juu ya kutunza mila zetu. Akasema kila kitambaa ndani ya nyumba hii kina historia ya familia. Kisha akamwelekeza mzee kwenye kiti cha simba, na wageni wengine akawaomba wakae.

Wakakaa.

Mto wa mzee ulipasuka kwanza. Haukupiga kelele, ulifanya pfu, kama mtu anayezima mshumaa. Sufi ikatoka pande zote, ikampanda mgongoni, ikamwingia kwenye nywele. Halafu kochi la kushoto, halafu la kulia. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya ngoma, lori likapita barabarani, upepo wake ukaingia na kuinua kila kitu. Sebule nzima ikawa nyeupe. Watu wanapiga chafya, vilemba vimeota mvi, na wale vijana wakadhani ni sehemu ya sherehe, wakazidisha ngoma. Mzee wa mabasi akasimama, akajipangusa, sufi ikazidi kushika suti. Akasema polepole, kila mtu akasikia, "Subilaga, na hii nayo ni mila yetu?"

Kicheko kile hakikuwa cha msibani. Kilitoka tumboni, na akina mama wa kikundi chake ndio waliocheka zaidi. Nilimwangalia Shangazi usoni muda wote. Nilitaka kuukumbuka vizuri uso ule ili nikuandikie: alikuwa na kipande cha sufi kwenye mdomo wa chini, na hakukitoa.

Wakati wanatafuta mifagio niliivuta mbeleko kutoka kwenye kiti. Ilitoka kwa vidole viwili, kama ulivyonifundisha. Nikakusanya na maganda yote ya mito, na vitambaa vya meza, nikaviweka kwenye begi langu la shule chini ya vitabu.

Jioni Shangazi alinikuta nyuma ya jiko. Alikuwa ameshika uzi. Akauvuta mbele yangu, ukakatika. Nilikuwa nimesahau kwamba gauni lake la harusi ulilishona wewe, na alisimama mbele yako siku nzima ndani ya bandi. Aliujua.

Nilitegemea kibao. Hakunipiga. Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa akaniambia kwamba mimi niko shule, kaka yake yuko Mgololo, na yeye amebaki na nani wa kukukumbuka naye? Akasema akikaa pale mapokezi alikuwa anageuka huku anakuona, anageuka kule anakuona.

Nikasema, "Ungezivaa, Shangazi."

Ni sentensi ambayo sikuitunga kabla. Ilitoka yenyewe.

Akasema, "Hazikunitosha. Nilizijaribu zote, nimejifungia chumbani. Hata moja."

Na Mama, nilimwamini. Unajua alivyo mkubwa, unajua ulivyokuwa wewe. Nilimwona kabisa, mikono juu, gauni la bluu limekwama kwenye mabega, peke yake. Pale ndipo mtu wa kwenye kitabu angepiga magoti. Mimi nilimwambia, "Mbeleko haina saizi."

Aliinuka, akajipangusa gauni. Aliondoka na ndoo yake.

Baba alipiga simu kwa mwalimu wa zamu. Kasema nimwombe Shangazi radhi kabla muhula haujaisha, na nirudishe vitu vya watu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, nikamwitikia ndiyo baba, kwa sababu sipendi kumchosha zaidi. Bupe naye amenitumia ujumbe kupitia rafiki yake aliyeko hapa mjini. Anasema Shangazi haongei na mimi wala haongei kunihusu, ila kuta za loji zimebaki na vikapu tu, marimba yamezimwa, na mzee wa mabasi anasimulia kisa kile kila stendi anayoshuka. Hapo mwisho nilicheka peke yangu bwenini mpaka wakaniuliza.

Sitaomba radhi. Nimejiuliza kwa haki, kama ulivyonizoesha, nikaweka huzuni yake upande mmoja na ahadi yake upande mwingine. Angekata magauni yote kwa upendo, ningelia yakaisha. Lakini mbeleko aliishika mbele ya ukoo, akasema naitunza, kisha akakalisha watu juu yake.

Sasa nakuahidi. Mbeleko iko hapa, nimeifua kwa mkono, nimeianika kivulini. Atakayeitoa siku ya mjukuu wako ni mimi. Yale maganda ya mito ninayaunga, kipande kwa kipande, bluu na majani mekundu na sare ya kwaya, na safari hii natumia uzi mzima, mshono mfupi, nimerudia mara mbili. Itakuwa shati. La mikono mirefu, la viraka, na waseme wanachosema. Nitalivaa siku ya mahafali ya kidato cha nne, mbele ya shule nzima, mimi ambaye siwezi hata kunyoosha kidole darasani. Kadi ya mwaliko nitamwandikia Shangazi kwa mkono wangu, kwa heshima zote. Nitampokea getini, nitamwamkia, nitampeleka mstari wa mbele kabisa, na nitamkalisha kwenye kiti cha plastiki kisicho na mto.

Kengele ya chakula imelia. Naomba nisichelewe, najua hupendi nile kilichopoa.

Wewe pumzika kwa amani, Mama. Mimi bado.

Mwanao,
Lusajo