Dua ya Farasi Watatu

Nairobi, 1 Julai 1958

Kwa mama yangu mpenzi Bi Chiku,

Shikamoo mama. Mimi mzima, kazi ya kuosha vyombo hapa hotelini inaendelea, wasiwasi wangu ni nyinyi tu huko Nguvumali. Mwambie dada Semeni arusi yake sikosi, nauli ninayo.

Mama, nina jambo. Wako watatu huku, Hamza, Selimu na Sharifa. Jumamosi ya tarehe 19 wana safari, mmoja baada ya mwingine. Waombee wafike wote. Akipungua mmoja, mimi nimekwisha. Usiniulize mengi.

Mwanao,
Miraji

Nairobi, 22 Julai 1958

Mama, shikamoo. Natumai hamjambo. Mimi mwili mzima, moyo sina.

Hamza alifika. Selimu naye alifika, nikaruka kwa furaha. Sharifa alianguka karibu kabisa na mwisho, hakuamka tena. Arusini siji, mama, nauli yote imekwenda na Sharifa. Niwie radhi.

Mwanao,
Miraji

Nguvumali, Tanga, 1 Agosti 1958

Mwanangu Miraji,

Marahaba, baba. Sisi hatujambo, ila macho yametuvimba kwa kulia. Hitima tumemsomea Sharifa, wanawake wa mtaa mzima walikuja, Mama Uweso alilia hata akashikwa. Semeni amekataa kupigiwa ngoma. Anasema, wifi yangu yuko kaburini, nami nicheze? Maana tumekwisha kuelewa alikuwa nani kwako. Na ile nauli kuitoa kwa mazishi, hapo umenipa kichwa, kila mlango ninaopita nakusifia.

Jambo moja limetutatiza. Shehe alipofika kwenye jina aliuliza, Sharifa binti nani? Tukatazamana. Tuandikie, tutasoma tena.

Mama yako

Nairobi, 9 Septemba 1958

Mama, shikamoo. Sijui nikujulie hali kwa uso gani.

Sharifa si mtu, mama. Ni farasi. Hamza na Selimu nao ni farasi. Wazungu huku huwashindanisha, na kuna tikiti moja, unataja washindi wa mbio tatu, ukikosea mmoja umekosa yote. Nimecheza kamari, halafu nikakutuma wewe kwa Mungu. Naona aibu hata kulala. Nilitaka ninyamaze, lakini mngesoma tena. Nakuomba usiwaambie watu.

Mwanao, kama bado ni mwanao,
Miraji

Nguvumali, Tanga, 20 Septemba 1958

Miraji,

Sisi wazima.

Semeni alinisomea barua yako mpaka hapo penye farasi, akaikunja, akatoka nje; yaliyobaki alinisomea kesho yake. Ameolewa bila ngoma, na hiyo haimrudii tena.

Umeniomba ninyamaze. Sikuweza. Watu wamelia kwa neno langu. Nimerudi kila mlango niliokusifia nikawaomba radhi, uso umeniiva. Wako waliocheka. Mama Uweso hakucheka, alinifungia mlango.

Kwa Shehe ndiko nilikokwenda mwisho. Hakunigombeza. Alisema kisomo cha pili watu wamekwisha kualikwa, ni Ijumaa, kisivunjwe. Tumsomee nani basi? Nikamwambia, msomeeni Miraji. Naye anakujua tangu unatambaa, lakini desturi ni desturi, akauliza, Miraji mwana wa nani?

Mama Uweso alikuwa amekwisha kuja, amesimama mlangoni, anasikia. Nikasema, wangu.

Mama yako