Kiuno cha Gaudiosi

Buffalo, tarehe 9 Machi

Mdogo wangu Donati,

Nakusalimu wewe na watoto hapo Columbus. Sisi tupo, ila theluji bado haijatuachia. Cherehani nimeisogeza dirishani, na mama mwenye duka la Grant Street ameniletea vitenge vya kwaya nivishone kabla ya Pasaka.

Suruali yako imefika. Unataka niiongeze inchi tatu kiunoni, na kwenye simu ulikuwa unacheka kwamba Amerika imekukubali. Gaudiosi wetu naye alicheka hivyo hivyo.

Nimefungua daftari langu la vipimo. Kaka yetu alipofika Louisville kutoka kambi ya wakimbizi alikuwa inchi thelathini na mbili. Kisha thelathini na sita, arobaini, arobaini na nne. Kila mara nilimpanulia suruali nikamsifu kwamba amenawiri. Baada ya moyo wake kusimama ghafla na sisi kumzika, nesi wa kanisani kwetu alitupima presha, akatutoboa kidole kupima sukari, halafu akatoa futi kama hii yangu ya kushonea, akanizungushia kiunoni. Akasema tumbo likizidi kukua, moyo uko hatarini.

Kwa hiyo suruali yako sijaigusa. Nenda kwanza ukapime presha na sukari, unitumie majibu. Usiniambie unajisikia mzima. Yeye pia alijisikia mzima.

Suti tuliyomzika nayo niliishona mwenyewe. Sikuhitaji kumpima. Namba zake zote nilikuwa nazo, miaka yote.

Dada yako,
Angelika