Exaucé Hakunenepa, Ni Maji

Goma, Jumamosi, siku ya posho. Mvua inanyesha tangu asubuhi, mawingu yamefunika volkano yote, na baridi ya hapa uani kwa hospitali inaingia mpaka kwenye mifupa. Lakini moyo wangu leo ni mugumu kama mawe tunayojengea ua.

Kwa wale hawanijui: mimi ni Mama Exaucé wa Katoyi, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, pale soko la Kituku. Masomo niliachia sita primaire, na bado naandika kushinda wengine wenye diplome. Exaucé ni kitinda mimba wangu, ana miaka mine, mutoto muzuri kuliko wote wa avenue yetu. Mwenye anabisha alete wake tuwapange.

Homa ya tifoide ilimutoboa utumbo. Wakamupasua, na tangu pale yuko kwenye mashine ya kupumulia, macho amefunga.

Juzi niliingia nikakuta mashavu yamejaa, vidole vimekuwa vinono. Nikafurahi. Nikamupiga picha, nikatuma kwenye kikundi cha familia: "Muone Exaucé, hata mashine inamunenepesha." Mama mukwe wangu alinitumia sauti nzima ya vigelegele.

Leo dokta, binti mwenye sauti ya polepole, ameniketisha. Amesema kuvu imeingia katika damu ya Exaucé, ndugu ya ile inaota kwenye mukate uliolala. Na ule unene si unene. Ni maji: seramu zote zile walizomupitishia kwa mushipa, mwili umeshindwa kuzitoa. Dawa ya kuvu ipo, inaitwa fluconazole, ila kwa mutoto aliyejaa maji hivi dawa inapotelea mule ndani. Kwa hiyo dozi ya kwanza itakuwa mara mbili ya ile ya kila siku. Kesho wanaanza ya kawaida, na watapima damu kuchunga ini.

Niliona aibu ya ile picha. Kisha nikaogopa.

Juu sisi wamama wa hapa tunapunguza dawa. Wakituandikia kijiko kizima tunatoa nusu, tunasema dawa ya hospitali ni kali na mutoto ni mudogo. Mama mukwe ndiye fundi wa hiyo. Na Baba Exaucé akiwa na lori lake huko Masisi ambako hakuna réseau ya simu, neno la mutoto linapita kwa huyo mama mukwe. Nikamupigia.

Aliuliza nani amewahi kuona mugonjwa wa hivyo akipewa mara mbili. Akasema nimwambie dokta akate nusu, ao anakuja kumutoa mutoto mwenyewe, ampeleke kwenye maombi.

"Mama," nikamwambia, "maharagi yakiwa kwenye moto, wageni wakaongezeka, ukamwaga maji mengine kwenye chungu, chumvi unaifanya je?"

Akajibu: "Naongeza."

"Basi Exaucé ndiye chungu."

"Chungu hakifi, Mama Exaucé."

Neno hilo lilinichoma. Dokta mwenyewe hakuniapia kitu. Alisema tu kwamba nusu itaiacha kuvu hai, na ikibaki hai inapanda kwenye macho, kwenye figo, kwenye moyo. Nikamwambia mama mukwe kwa heshima yote kwamba nimemusikia, na kwamba dozi nzima itaingia.

Akakata simu.

Nilisimama kwenye dirisha la kioo nikiangalia muuguzi anafungulia dawa kwenye mupira wa seramu. Ilishuka polepole. Ule mukono munono haukusogea. Mimi pia sikusogea mpaka chupa ikaisha.

Jioni mama mukwe ametuma sauti fupi: "Wamemupa yote?" Nimejibu yote. Akarudisha: "Sawa. Kesho nakuja na chakula, na nikikuta umelala njaa tutagombana." Huyo ndiye mama mukwe wangu, na hakuna mwenye kumupata wa hivyo.

Picha nimeifuta. Kwenye kikundi nimeandika: si unene, ni maji, musiseme tena amenenepa.

Kesho nikivaa ile kanzu ya hospitali ya kuingilia kwake, nataka nimukute amekonda. Mashavu yameshuka, mifupa ya vidole inahesabika. Pengine mimi ndiye mama wa kwanza Katoyi kuomba mutoto wake akonde.

Akonde kwanza. Unene nitamurudishia mimi mwenyewe, na sambaza.