Chanzo cha Jina la Kulwant

Kondele, Kisumu
Jumatano mchana

Kwako dada Lorine,

Pokea salamu kutoka huku nyumbani, ambako hatujasoma sana lakini bado tunapumua. Natumai wewe ni mzima, pamoja na miwani yako na ile kompyuta uliyooana nayo. Mimi niko sawa, ila mgongo unauma kwa kubeba spika, na utajua ni spika za nini. Mama anakusalimu. Anauliza kama huko maktabani Nairobi unakula, ama unashiba karatasi.

Nimeshika kalamu kwa sababu namba yangu uliifungia tangu Machi, na kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni, ambako wewe ndiye askari wa zamu, umenifungia pia. Jirani yangu wa kibandani, Nasipwondi, anapanda basi la Nairobi leo jioni, na ameniapia kwamba bahasha hii ataitia mkononi mwako. Isome mpaka mwisho. Najua ugonjwa wako ni kufuta.

Wacha nikukumbushe ugomvi ulivyoanza, maana wewe hukumbuka kanuni tu. Ulianza na Kulwant Odongo, mtoto wa jirani yetu wa Katito, yule anayecheza daktari mwenye wivu kwenye tamthilia ya saa moja. Tangu sura yake iingie kwenye runinga, watu hawalali wakibishana ana damu gani. Mmoja anasema pua ile ni ya Kihindi, mwingine anasema nywele zile ni za Kiarabu, na kuna mmoja, nadhani alikuwa amelewa, alisema babake ni wa Shelisheli. Basi mimi Byron, fundi wa simu niliyeachia masomo kidato cha pili lakini nafungua simu yoyote macho yakiwa yamefumbwa, niliingia kwenye ukurasa wake nikaandika ukweli.

Niliandika kwamba wazazi wake wote wawili ni Wajaluo wa Nyakach na weupe aliutoa kwa nyanya yake. Na jina, niliandika, alipewa kwa sababu mwaka wa mafuriko mamake alishikwa na uchungu, gari hakuna, na Kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba mwenye lori la mbao, anayeitwa Kulwant, akampakia. Mtoto akazaliwa ndani ya lori kabla hawajafika Ahero. Mzee Odongo mwenyewe akasema huyu ataitwa Kulwant, vile tunavyofanya siku zote kwa mtu aliyetutendea jambo jema. Hayo yote unayajua, Lorine. Umeyasikia kwa mamake mwenyewe, Mama Dorca, ukiwa umeshika ugali wake mkononi.

Ulifuta kwa dakika nne. Ukaandika: hakuna chanzo cha kuaminika. Nikarudisha, ukafuta. Nikaeleza kwamba nimeambiwa na mama mzazi, ukanijibu mbele ya watu nisiowajua kwamba maneno ya mdomo si chanzo, na kwamba jirani haruhusiwi kuandika habari za jirani. Nikakuuliza, ndani ya lori alikuwa mama huyo au mwandishi wa gazeti. Ukaniambia nijifunze kwanza kutumia herufi kubwa. Mimi, niliyekubebea sanduku mpaka steji ya basi siku ulipoenda chuo. Ni kweli baadaye nilikuita kasisi wa kanisa lisilo na waumini, na nikaweka mtandaoni ile picha yako ya darasa la nane yenye meno. Picha sijutii. Meno ni yako.

Wiki tatu zikapita, gazeti moja la udaku likatoa habari kwamba mama wa nyota huyo kijijini huitwa Mama Kulwant, na kwamba Kulwant ni Kalasinga wa mbao wa Kisumu. Waliosoma walielewa walivyotaka. Unajua hapa mjini mke wa Ravinder wa duka la vipuri huitwa Mama Ravinder, kwa jina la mumewe. Kwetu Katito Mama Kulwant ni mama aliyemzaa Kulwant, basi. Lakini gazeti lilikuwa na karatasi, na wewe unapenda karatasi. Kwa mkono wako mwenyewe uliandika kwamba msanii huyu ana asili mchanganyiko, Mjaluo na Mpunjabi, ukaweka na kale kanamba kadogo ka rejeleo. Niliposema ni uongo, ulijibu kwamba labda watu wazima walituficha. Kisha ukanifungia.

Sasa sikia. Mzee Odongo alifariki Ijumaa iliyopita. Anazikwa Jumamosi hii. Mimi ndiye niliyeitwa kufunga spika.

Jumapili wazee wa ukoo walikuwa wamekaa kwenye hema, na mdogo wa marehemu akasimama, yule ambaye tangu zamani anaangalia shamba la kando ya mto kama mtu anayeangalia nyama. Akasema kuna jambo Kenya nzima inalijua isipokuwa wenye boma. Akaniita, ati mimi ni kijana wa simu, niwasomee. Lorine, nilisoma. Nilikuwa nimeshika maikrofoni niliyoifunga mwenyewe, nikasoma ile sentensi yako, kanamba kako, na gazeti lote. Mama Dorca alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, ananitazama mdomo.

Hata sijamaliza, Mzee Kulwant, yule wa lori, akafika. Sasa ni mzee wa fimbo, kilemba cheupe, ameleta gunia la sukari. Vijana wakapiga mluzi, wakasema baba mtoto amefika, mpeni kiti cha mbele. Naye, maskini, akadhani anaheshimiwa. Akacheka, akakaa, akasema kwa Kijaluo safi kuliko chako kwamba ndiyo, Kulwant ni wake, alimpokea kwa mikono hii miwili. Ndivyo amesema kila Krismasi tangu tuzaliwe. Safari hii mdogo wa marehemu aligeukia wazee, akasema mmesikia, amekiri mwenyewe.

Waliamua Kulwant asisimame kaburini kama mwana wa kwanza mpaka damu ipimwe. Mama Dorca hakulia. Aliinuka akaingia nyumbani, akafunga mlango. Chai tunayompelekea inarudi imepoa, na utando juu. Kulwant anafika kesho jioni kutoka Nairobi, na hakuna aliyemwambia.

Dada, sasa nakuja kwenye kilichonifanya ninunue bahasha. Gazeti lilizungumza na mimi. Yule mwandishi alileta simu kutengenezwa Kondele, akasema anatafuta habari za Kulwant, na nikajiita binamu. Sikumwambia kitu ambacho si kweli. Nilimwambia mama anaitwa Mama Kulwant, nikamwambia Kulwant ni Kalasinga wa mbao, kisha nikanyamaza kwa makusudi katikati. Lori sikulitaja. Kuzaliwa sikukutaja. Nilitaka uongo uandikwe kwenye karatasi, nione kama utaumeza, wewe uliyetema ukweli wangu mara tatu. Ukaumeza. Siku hiyo nilicheza kibandani mpaka wateja wakauliza. Nilipanga kukucheka Krismasi, mbele ya Mama na wajomba wote.

Bado nakukasirikia, usidhani barua hii ni magoti. Ungeniamini mara ya kwanza tusingefika hapa. Lakini mlango wa Mama Dorca ni mimi niliyeufunga, na kila nikipita pale na nyaya zangu nausikia ukiwa kimya.

Kwa hiyo futa. Futa leo hii, na uandike sababu. Najua utataka chanzo. Chanzo ndicho hiki umeshika: kimeandikwa kwa kalamu, kina jina la mtu, na yaliyosemwa kwa gazeti yamekanwa na aliyeyasema. Nimetoa nakala ya pili. Kesho asubuhi naipeleka Katito, na nitaisoma kwa maikrofoni ileile, mbele ya wazee walewale, kabla Kulwant hajafika. Wakinipiga, spika ni zangu, wasizivunje. Mwambie Mama hivyo ukinitangulia kumpigia.

Mshukuru Nasipwondi kwa usumbufu. Mama anasema uje Jumamosi, hata kama hatuongei, ukae upande wa Mama Dorca. Nami nasema uje. Kula vizuri huko.

Ni mimi mdogo wako,
Byron (herufi kubwa, umeona)

Namba ya kitambulisho nimeiandika nyuma ya karatasi, kwa sababu najua utaiuliza.