Jean-Berchmans Alivyomsikiliza Kankindi

Nyamirambo,
Kigali.
23 Agosti 1992

Mpendwa dada Jolly,

Pokea salamu zetu sote. Kigoma mko salama? Mjomba Munyakazi mgongo unamwachia sasa? Huku mama ni mzima. Vizuizi vya askari vimezidi barabarani, lakini tunalala na kuamka, tunashukuru. Mimi mwili hauumi, moyo ndio hauna raha.

Uliniuliza lile somo la mawasiliano la chuoni limenifundisha nini. Kwanza lilinifundisha wivu, dada yangu.

Mwalimu alitupanga wawili wawili, kila mtu amsikilize mwenzake bila kumkatiza. Mimi nilipangwa na kijana mpole anaitwa Jean-Berchmans. Nikaongea mimi tu mpaka muda ukaisha. Tulipoitwa mbele, yeye akaeleza habari zangu zote vizuri kuliko mimi mwenyewe. Mimi zake sikuwa na hata moja. Darasa likampigia makofi, nami nikarudi kukaa nikiwa nimenuna.

Siku ya Pasaka Jean-Berchmans akaja kututembelea. Kankindi, mchumba wangu uliyemwona kwenye picha, alikuwapo. Nilitoka kununua soda, na niliporudi nikamkuta Kankindi anasimulia, anacheka huku anafuta machozi. Mimi hajawahi kunisimulia hivyo.

Tangu hapo sikutulia. Nikawa napita kwao Kankindi bila taarifa, naulizia nani alikuja. Juzi nikamkabili.

"Una nini na Jean-Berchmans?"

"Sina naye kitu," akasema. "Aliniuliza nataka kuwa nani, akangoja nijibu. Wewe, Muhire, ukija ni chuo, chuo, chuo."

Nilikuwa na neno kali mdomoni. Nikalimeza. Nikamwambia, "Basi niambie na mimi."

Kumbe anataka uuguzi, na shule imeshamkubali! Alikuwa anaogopa kunieleza, maana harusi ya Desemba itabidi ingoje mpaka amalize. Nilimsikiliza hadi mwisho, ingawa ilikuwa kama kumeza mawe. Nimekubali aende. Lakini shule yenyewe iko Cyangugu, na huko ndiko kwao Jean-Berchmans. Likizo zote za chuo chetu huyo bwana atakuwa jirani yake!

Jana nilienda na Kankindi kuwaeleza wazazi wake. Baba yake akaniuliza kama sina kinyongo. Nikajibu, "Baba, mwulizeni Kankindi mwenyewe," na akaongea bila woga, nami pembeni nikisikiliza.

Tulipotoka akanishika mkono. "Na wewe, Muhire, unaogopa nini?"

Nikamwambia yote, hata yale ya aibu. Hakucheka, wala hakunikatiza. Tulisimama pale kwenye lango lao mpaka mama yake akatuita tukale.

Nisalimie mjomba, mke wake na watoto wote wa pale nyumbani. Mungu awafunike kwa amani, nasi atubakizie ya kwetu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Muhire