Kiti cha Mlangoni

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Goti linasemaje siku hizi, na lile jicho unalolichosha kwa kushona nguo nyeusi kwenye mwanga hafifu? Shemeji je, bado anakoroma hadi majirani wanageuka upande wa pili? Na yule mwanao anayesema akikua atakuwa mjomba, mwambie kazi hiyo ina mtu tayari. Mimi mwili hauna neno. Nakula, navaa, nafundisha na, kama unijuavyo, nabishana.

Uliniuliza shule ikoje. Iko mwisho wa barabara ya vumbi: madarasa marefu yenye madirisha ya nondo, na kila darasa lina mlango mmoja tu, kule nyuma. Ofisini tunagawana meza wawili wawili. Mimi ndiye mwenye shahada mbichi kuliko wote, jambo ambalo wenzangu hunikumbusha kwa kejeli kabla sijawakumbusha mwenyewe.

Nilipokabidhiwa kidato cha tatu, nilianza kwa kupanga viti kwa alama, kama tulivyopangwa sisi utotoni. Kila baada ya jaribio la mwezi, wa kwanza huketi mbele katikati, chini ya pua ya mwalimu, na wa mwisho huketi nyuma kabisa, kando ya mlango. Nilitetea utaratibu huo kikaoni hadi wenzangu wakakubali, pengine kwa kuchoka kunisikiliza. Aliyepinga ni mwalimu wa hisabati peke yake, ambaye wanafunzi humwita Pembetatu kwa mabega yake mapana na miguu myembamba. Alisema watoto si magunia ya mahindi hata wapangwe kwa uzito. Nilimjibu kirefu, naye akaniuliza kama hotuba ile ina mapumziko. Ofisi nzima ilicheka. Tangu hapo hatupikiki chungu kimoja.

Kiti cha mbele kilichukuliwa na binti ambaye wenzake humwita Kamusi, maana humkuti bila neno. Basi Kamusi akaanza kuporomoka. Mwezi uliofuata alikuwa wa tano, uliofuatia yumo kwenye kumi na kitu, na kufikia katikati ya mwaka akawa mkiani, kando ya mlango. Ningesema ni uvivu, ila nikimuuliza swali kwa mdomo alijibu kama anayesoma ukutani. Nikaanza kumtilia shaka. Niliinua karatasi zake kwenye mwanga wa dirisha nikaona alama za ufutio: alikuwa ameandika jibu sahihi, akalifuta, akaandika kosa. Nani afanyaye hivyo bila sababu ya kuficha?

Kisha nikagundua kwamba hutoka darasani mara kwa mara, kimya kimya, na kwamba Pembetatu, akiwa hana kipindi, humfuata. Niliwaona kupitia dirisha la ofisi wakitembea kando ya ua wa shule, yeye akisema neno mojamoja, binti akiitikia kwa kichwa. Walifika kwenye tangi la maji, wakarudi. Siku nyingine hivyo hivyo. Dada, nimesoma vitabu vya kutosha kujua mwalimu mzima na binti wa shule hawatembei pamoja kwa ajili ya kunyoosha miguu. Nilimkabili Pembetatu. Aliniambia kwamba amepewa siri ambayo si yake kuigawa, na kwamba mimi mwenye macho ya kusomea hadi maandishi madogo nimwangalie binti mwenyewe. Nilisikia jeuri ya mtu aliyebanwa. Nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu.

Nadhani mkuu alikuwa akingoja tu mtu wa kumpa kiberiti. Alisema binti anayetokatoka darasani ana mimba, hilo halihitaji shahada. Mpishi wa shule alisema amerogwa na shangazi yake. Mlinzi naye alisema anavuta kitu nyuma ya choo. Nami nilikuwa na langu, lililopangwa vizuri kuliko yao wote. Kila mmoja wetu alimshuku binti yule kwa kadiri ya macho yake, na hakuna aliyemuuliza anaumwa wapi.

Pembetatu akasimamishwa kazi. Binti akapimwa mimba mbele ya mama yake, haikuonekana; baba yake akasema hata hivyo jina limeshachafuka, amalize mitihani ya muhula arudi nyumbani moja kwa moja. Mkuu akaagiza kwamba katika mitihani hiyo aketi mbele, ambapo macho yote yatamwona. Msimamizi nikawa mimi.

Nilimkodolea macho nikitafuta kikaratasi. Sikukiona. Niliona vidole vyake vikishika ukingo wa dawati kama mtu aliye juu ya paa. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na asubuhi ile kulikuwa na baridi. Alivuta pumzi fupi fupi, akageuka kutazama mlango, akaona safu zote zilizo kati yake na mlango ule, akafunga macho. Dada, nilijua ni kitu gani. Nilijua kama mtu anavyoijua sauti ya nduguye gizani.

Nilimtoa nje. Tulitembea kando ya ua, kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Tulipofika tangini alikuwa ameshaweza kusema. Alieleza kwamba tangu mwaka jana humjia hofu isiyo na mnyama, moyo ukamwenda mbio, akaamini anakufa pale pale. Na kwamba akikaa karibu na mlango hutulia, kwa kuwa anajua anaweza kutoka. Kiti cha mlangoni kilikuwa cha wa mwisho. Basi akajifanya wa mwisho. Pembetatu alimkuta siku moja amejikunyata nyuma ya tangi, akamuuliza kinachomsaidia, akajibiwa ni kutembea na mtu asiyemuuliza mengi. Binti akamwomba asimwambie yeyote, maana baba akisikia ana ugonjwa wa kichwa, shule imekwisha.

Nilikwenda kwenye kituo cha afya. Mganga wa zamu alisema ugonjwa huo una jina na una tiba, na kwamba ukigunduliwa mapema mtoto husoma kama wenzake. Nilimpelekea mkuu habari hizo, pamoja na kufuta shtaka langu juu ya Pembetatu. Alinitazama kana kwamba nimehongwa. Alisema haya ni maneno ya vitabuni, na kwamba mtu mwenye ugonjwa huo hafiki popote, nimtajie hata mmoja aliyefika. Ijumaa kamati ya shule inakaa kuamua hatima ya wote wawili, na baba wa binti atakuwepo.

Nitamtajia mmoja.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, niliporudi nyumbani nimekonda, ukanipikia uji na kunifunika mablanketi yako yote, nilikwambia ni malaria. Haikuwa malaria. Nilikuwa nimetoka mbio katika chumba cha mtihani, nikakaa chooni nimeshika ukuta hadi wakaja kunitoa. Mtihani ule niliurudia peke yangu, katika chumba kidogo, mlango wazi. Hadi leo, kwenye vikao, hubishana nikiwa nimesimama karibu na mlango, nao hudhani ni majivuno. Yapo, sikatai, lakini si hayo tu.

Ijumaa nitasimama mbele ya kamati niyaseme haya. Najua hapa maneno hutembea kuliko watu, na wateja wako wengi wana jamaa huku. Sikutaka uyapate kwa mtu anayejaribu gauni. Sijui kama yatamsaidia binti. Mkuu huenda akasema kichaa anamtetea kichaa, nami sitakuwa na kitabu cha kumjibia.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na shemeji umpe pole kwa kazi. Mama mwambie sijambo. Ukiona huwezi kumwambia hivyo bila kutazama chini, basi msomee barua yote.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu wa kidato cha tatu